Sindano ya vitamini inatuliza kichwa: ni dawa au ni maneno yetu?

BARUA

Washauri, jambo yenu.

Mimi ni muuguzi A1 katika santre (kituo cha afya) ndogo ya binafsi, komini ya Kadutu, upande wa Cimpunda, hapa Bukavu. Wagonjwa wetu wengi ni akina mama wa sokoni na vijana wanaobeba mizigo. Malaria ya kweli tunaijua na tunaitibu. Barua hii ni ya wale wengine.

Mtu anaingia: kichwa, mgongo, mwili mzito, usingizi hakuna, "niko na palu", yaani malaria. Tunampima TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria, inatoka negatifu. Joto hana. Ukimpa parasetamoli anaiangalia, anairudisha juu ya meza: "Muganga, hii hata kwenye kibanda pale chini inauzwa. Mimi nilikuja kuchomwa shindano." Ukimwambia apumzike, anauliza kama amelipa fishi (karatasi ya matibabu) ili apewe maneno.

Titulere wetu, yaani mkuu wa santre, alikwisha kutoa agizo. Mtu wa namna hiyo achomwe B-complex (mchanganyiko wa vitamini B) takoni, ampule ya ml 2, aambiwe ni dawa ya kupandisha nguvu. Mwenye pesa kidogo atundikiwe serumu ya glikozi 5%, ml 500, na ile ampule imiminwe ndani ya chupa mpaka maji yote yageuke njano. Hiyo njano wanaipenda kupita kiasi. Wengine wakija wanaiomba kwa rangi yake.

Kinachonisumbua ni kwamba wanapata nafuu. Kesho kutwa mama anapita na beseni lake kwenda soko, ananisalimia: "Ile shindano yako, Mungu akubariki." Na mimi najua nilichoweka ndani.

Nauliza. Ni vitamini inayowatendea hivyo, au ni akili yao? Kama ni akili, basi hawakuwa wagonjwa? Je, ninawadanganya hata kama wanapona? Na nikiacha kuchoma, nitawapa nini mahali pake? Maana wakitoka hapa wataenda kwa jirani, na titulere ataniuliza wateja wamekwenda wapi.

Muuguzi wa Cimpunda

JIBU

Dada, tutayajibu yote, ila si kwa mpangilio wako. Tuanze na hao unaosema wanapona, kwa sababu hapo wamechanganyika watu wa aina tatu.

Wa kwanza wangepona hata ungewapa maji ya bomba. Mtu haji santre siku kichwa kinapoanza kuuma. Anavumilia, anajifunga kitambaa, anakunywa tangawizi, na siku hali inapozidi ndipo anapanda kilima kuja kwako. Maana yake unamkuta kwenye kilele cha maumivu, na kutoka kileleni njia ni ya kushuka tu. Mafua hukaa siku 7 hadi 10. Mgongo ulioshtushwa na mzigo mara nyingi hulegea ndani ya wiki chache. Kichwa cha uchovu huisha mtu akilala. Sindano iliyochomwa siku mbaya kuliko zote inabeba sifa za siku zote zinazofuata.

Wa pili hawakupona, ila hukuwaona. Yule mama mwenye beseni alipita kukushukuru. Aliyebaki na kichwa chake alikwenda kwingine, au kwa mchungaji, au anaona haya kukuambia kwamba dawa yako haikumfaa. Ukitaka kujua ukweli, chukua daftari, andika namba za simu za watu wote uliowachoma juma hili, na uwapigie wote siku ya tano. Usisubiri wanaorudi wenyewe.

Kosa hili la hesabu limewakamata hata wakubwa. Mwaka 1955 daktari Mmarekani Henry Beecher aliandika kwamba plasebo, yaani dawa tupu isiyo na kitu cha kutibu ndani yake, huwaridhisha wagonjwa karibu asilimia 35, na namba hiyo ikanukuliwa kwa miaka mingi. Hakuwa amewatenga wale ambao wangepona wenyewe. Mwaka 2001 Asbjørn Hróbjartsson na Peter Gøtzsche wa Denmark walikusanya majaribio 114 yenye kundi la plasebo na kundi lisilopewa chochote, wakalinganisha. Tofauti ilikuwa ndogo, na ilionekana hasa kwenye maumivu na mambo mengine ambayo mgonjwa mwenyewe ndiye anayeyaeleza. Kwenye vitu vinavyopimwa na mashine au maabara, hawakuona kitu cha kutegemea.

Wanabaki wa aina ya tatu, na hao ndio hasa unaouliza habari zao: watu ambao maumivu yao yalipungua kwa sababu walichomwa na wakaamini. Hawa wapo, na mwili wao haukuigiza. Mwaka 1978 huko San Francisco, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields waliwapa plasebo watu waliong'olewa magego. Wengine maumivu yakapungua. Kisha walipewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini (ile dawa kali ya maumivu), na nafuu ile ikaondoka. Ndiyo kusema kwamba ubongo wa mtu anayetegemea nafuu hutoa mofini yake mwenyewe. Jaribio lingine la Levine na Gordon, la mwaka 1984, lilionyesha kiasi chake: maji ya chumvi yaliyochomwa waziwazi, mgonjwa akiambiwa ni dawa ya maumivu, yalituliza sawa na miligramu 6 hadi 8 za mofini zilizopitishwa bila mgonjwa kujua. Basi usimwambie mtu, wala usijiambie, kwamba aliyepata nafuu kwa vitamini hakuwa anaumwa. Aliumwa, na sehemu ya maumivu iliondolewa na kichwa chake mwenyewe.

Kwa nini sindano kuliko kidonge? Mambo mawili. Moja ni matarajio: sindano huchomwa na muganga, inauma, ina gharama, kwa hiyo inaonekana nzito. Majaribio ya sumatriptani, dawa ya kipandauso, yalipokusanywa mwaka 2000, waliopata nafuu kwa plasebo ya sindano walikuwa asilimia 32.4, na kwa plasebo ya kidonge 25.7. Tofauti ipo, ila usiikuze. Jambo la pili ni mazoea ya mwili. Mtu aliyechomwa kwinini au klorokwini utotoni, homa ikashuka, mwili wake umejifunza kwamba baada ya harufu ya alkoholi na mchomo huja nafuu. Mazoea haya hayangoji mtu afikiri. Ndiyo maana hata aliyesoma, anayejua kwamba B-complex haitibu kichwa, anaweza kujisikia vizuri akishuka kitandani.

Sasa vitamini yenyewe. Mwaka 1987 daktari K. B. Thomas wa Southampton, Uingereza, aliwachukua wagonjwa 200 wa aina ya wako kabisa: wanalalamika, ukiwapima huoni kitu. Nusu aliwapa mazungumzo ya uhakika: akawataja ugonjwa, akawaambia watapona ndani ya siku chache. Nusu aliwaambia hana hakika wana nini. Ndani ya kila nusu, wengine walipewa dawa na wengine hawakupewa, na ile "dawa" ilikuwa kidonge cha thiamini, miligramu 3. Ndiyo, vitamini B1, ndugu ya iliyo ndani ya ampule yako. Baada ya wiki mbili, waliopewa maneno ya uhakika walikuwa wamepata nafuu asilimia 64, wenzao 39. Waliopewa kidonge 53, wasiopewa 50. Maneno yalitembea, kidonge kilikaa palepale. Ukitaka jaribio moja la kumwonyesha titulere, mwonyeshe hilo.

Serumu ya njano ni rahisi kuihesabu. Glikozi 5% katika ml 500 ni gramu 25 za sukari, kama vijiko vitano au sita vya chai. Chupa ya soda ya sentilita 33 ina zaidi ya hapo, na haihitaji kateta (mrija wa kuingiza kwenye mshipa). Njano ni riboflavini, vitamini B2, ambayo rangi yake ndiyo hiyohiyo, na sehemu kubwa itatoka kwenye mkojo kabla ya jioni. Kinachomtuliza mtu pale ni kwamba amelazwa saa mbili, hakuna anayemwita, ndugu ameketi pembeni, na kila mara unapita kuangalia matone. Mama wa soko hapati saa mbili kama hizo kwa juma zima.

Kama ubaya ungekuwa sukari tu, tungekuambia endelea. Ubaya uko kwenye sindano. Ukichoma vibaya takoni unagusa neva kubwa ya mguu, na mtoto anabaki akiburuta unyayo. Jipu linatokea. Thiamini ya sindano, ingawa ni mara chache, huleta mshtuko wa mzio, na uko peke yako zamu ya usiku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 sindano zisizo salama ziliambukiza duniani homa ya ini B kwa watu milioni 21, homa ya ini C kwa milioni 2 na VVU kwa watu 260,000. Na nchi yetu ina somo lake. Yambuku, mwaka 1976: kwenye hospitali ya misheni wauguzi walikabidhiwa sindano 5 asubuhi za kutumia mchana kutwa, zikisuuzwa tu kati ya mgonjwa na mgonjwa, na kati ya waliochomwa walikuwamo wajawazito wa kliniki, waliokuja kwa vitamini. Ebola ikapita mlemle. Waliougua 318, waliokufa 280. Leo unatumia sindano ya mara moja, tunajua. Lakini kila mchomo usio na kazi ni mchomo mmoja zaidi wa kukosea, na sindano moja zaidi ya kutupa vizuri.

Kuna hatari nyingine ambayo haipigi kelele, nayo ndiyo inayotutisha zaidi. Mwaka 2011 timu ya Boston ilitoa matokeo ya wagonjwa wa pumu waliopitishwa kwenye salbutamoli ya kuvuta (dawa inayofungua mapafu), kifaa tupu kisicho na dawa, akupancha (tiba ya Kichina ya vijisindano) ya uongo, na kutopewa kitu. Walipopimwa pumzi, salbutamoli iliongeza asilimia 20; vingine vyote vitatu karibu 7. Walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wamepata nafuu kwa asilimia 50 na salbutamoli, 45 na kifaa tupu, 46 na akupancha ya uongo, 21 bila kitu. Soma tena hizo namba. Mtu alijisikia vizuri karibu sawasawa, huku mapafu yake hayajafunguka.

Rudisha jambo hilo Cimpunda. Mjamzito wa miezi minane anakuja na kichwa. TDR negatifu, joto hana, anachomwa B-complex, analala kidogo, anasema afadhali, anakwenda. Hakuna aliyempima tansio (msukumo wa damu), nayo ilikuwa 16 juu ya 11, juu mno kwa mjamzito. Huyo alihitaji magnesi (dawa ya kuzuia kifafa cha mimba) na gari la kwenda hospitali kuu, na nafuu uliyompa ndiyo iliyomchelewesha. Vilevile nafuu ya plasebo haipandishi damu ya aliyepauka, haishushi sukari, haiui kidudu cha tifoidi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, kabla ya maneno yoyote mazuri: pima. Kila kichwa kinachouma kipimwe tansio. Kila uchovu, angalia viganja na ndani ya kope, na kama una kipimo cha hemoglobini kitumie. Mama anayetoka damu nyingi kila mwezi ana haki ya vidonge vya chuma, hana haja ya njano. Uliza mkojo wa mara kwa mara na kiu. Shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, mtoto asiyenyonya: huyo hana mazungumzo, anapelekwa.

Na kuna "plasebo" ambazo si tupu hata kidogo. Deksametazoni (dawa kali ya aina ya steroidi) ya kumpa mtu "nguvu" inapandisha sukari, inaficha homa, na ikizoeleka mwili unasahau kutengeneza homoni ya kwake ya namna hiyo. Antibiotiki ya mafua inafundisha vidudu kuishinda. Kama titulere atachoka na B-complex akahamia huko, mtakuwa mmetoka kwenye uongo mdogo na kuingia kwenye sumu.

Sasa utawapa nini. Mwaka 2008 Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard waliwagawa wagonjwa 262 wa tumbo la kusokota lisilo na kidonda makundi matatu. Waliobaki wakisubiri, asilimia 28 walisema wamepata nafuu ya kutosha kwa wiki tatu. Waliopewa akupancha ya uongo na mtu asiyesema nao, 44. Waliopewa akupancha ileile ya uongo na mtu mwenye upole, anayeuliza, anayegusa mkono, anayenyamaza kama sekunde 20 akifikiria neno la mgonjwa, 62. Kikao cha kwanza cha hao wa mwisho kilikuwa dakika 45, na wewe hizo dakika huna. Lakini ukitazama kilichomo, kingi kinaingia kwenye dakika saba.

Weka fishi chini, kalamu chini. Mwache aseme mpaka amalize. Wengi humaliza kabla ya dakika mbili, na wauguzi wengi huwakata kabla ya hapo. Kisha mguse panapouma. Mtu anayelia kichwa, bonyeza misuli ya shingo na mabega kwa vidole, kwa mbeba mizigo utakuta kamba ngumu, naye atashtuka: "Hapo hapo!" Hicho ndicho kipimo anachokiamini, kwa sababu amekisikia mwilini. Pima tansio na joto, umwambie namba. Halafu sema, kwa Kiswahili chake:

"Papa, nimekupima palu, haiko. Tansio ni 12 juu ya 8, ni nzuri. Kichwa kinakuuma kweli, na nimekiona kinakotoka: ni hii misuli ya shingo, imekaza kwa mzigo na kwa kukosa usingizi. Inapona. Leo ni Jumatatu, kufika Alhamisi utakuwa umepata nafuu kubwa. Kama Alhamisi bado, au ukishikwa na homa, au ukitapika, rudi, fishi ya kurudi hulipi."

Angalia kilichofanyika. "TDR negatifu" peke yake mgonjwa anaisikia kama "huna kitu, unajisingizia". Hapa amepewa ugonjwa wenye jina. Amepewa siku, si "utapona tu". Amepewa mlango wa kurudi. Na hukusema uongo hata mmoja. Ila jina la ugonjwa liwe la kweli. Usibuni misuli kwa mtu ambaye shingo yake ni laini.

Parasetamoli usimtupie ndani ya kipande cha gazeti. Mwaka 2008 watu 82 walipewa kidonge tupu wakiambiwa ni dawa mpya ya maumivu. Kati ya walioambiwa bei yake ni dola 2.50, asilimia 85 walisema maumivu yamepungua. Kati ya walioambiwa imeshushwa hadi senti 10, asilimia 61. Hatukuambii upandishe bei. Tunasema kitu kinachotolewa kwa dharau kinapoteza sehemu ya nguvu yake. Tia vidonge kwenye kifuko safi, andika jina la mtu na saa: vidonge 2 vya mg 500, asubuhi, mchana, jioni, siku 3, visizidi hapo. Dozi ya kwanza anywe mbele yako, na umwambie itaanza kushika baada ya nusu saa hadi saa moja. Huko Turin, Fabrizio Benedetti na wenzake walionyesha kwamba dawa za maumivu zilezile, zikipitishwa na mashine mgonjwa asijue, hupoteza sehemu ya nguvu, na dozi inabidi iongezwe. Parasetamoli ni dawa kamili. Wewe unaiongezea ile sehemu ambayo wengi huiacha mezani. Na mpe kazi ya mikono: kitambaa cha maji ya moto shingoni dakika 15 usiku, mzigo wa kesho ugawanywe mara mbili. Mtu mwenye kazi ya kufanya haoni kwamba amerudishwa mikono mitupu.

Maneno yanaweza pia kuumiza. Wataalamu wanaita nosebo. Kwa wanawake waliokuwa wakijiandaa kuchomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya uzazi, kundi moja liliambiwa mchomo utakuwa kama kuumwa na nyuki mkubwa, jingine likaambiwa sehemu itatiwa ganzi wapate utulivu. Sindano ileile: kundi la nyuki walitaja maumivu 5 kati ya 10, wenzao 3. Kwa hiyo usiseme "jikaze, itauma". Ukieleza madhara ya dawa, usiyafiche, ila anza na upande wa wengi: "Wengi hawapati kichefuchefu. Ukikipata, kula kidogo kwanza, kitapita." Na tahadhari na TDR yenyewe: nyingi zinashika protini ya kidudu inayobaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya tiba. Mtu aliyemaliza dawa na anajisikia mzima, ukimpima tena ukamwambia "palu bado iko", utampa uchovu wa mwezi mzima kwa mstari mmoja mwekundu.

Ya watoto tuyaseme kwa ufupi. Mtoto wa miaka miwili hana imani yoyote na B-complex. Anayetulia ni mama yake, na mama akitulia mtoto hulia kidogo. Basi mtibu mama kwa maelezo, umwache mtoto bila tundu. Serumu isiyo na sababu kwa mtoto mwenye utapiamlo inaweza kuulemea moyo wake.

Umeuliza kama unawadanganya. Ndiyo, unapomwambia ni dawa ya kupandisha nguvu huku ukijua si hiyo inayomtuliza. Kupona kwake hakuufuti uongo, maana siku atakapoambiwa na mwingine, hatakuamini tena hata ukimpa artesunate ya kweli, dawa ya palu kali. Halafu uongo wenyewe hauna ulazima. Mwaka 2010 Kaptchuk aliwagawa wagonjwa 80 wa tumbo hilohilo makundi mawili, bila kuficha kitu: kundi moja lilipewa vidonge na kuelezwa kwamba ni vitupu, ila mwili unaweza kuviitikia kwa mazoea, jingine halikupewa kidonge. Kwa wiki tatu, nafuu ya kutosha ilikuwa asilimia 59 dhidi ya 35. Jaribio lilikuwa dogo, na hatukushauri uanze kugawa vidonge vitupu Kadutu. Linatosha kukuonyesha kwamba nguvu hii haiishi gizani.

Kuhusu titulere, usiende kwake na dini. Nenda na hesabu: sindano, ampule, pamba, kateta, boksi la kutupia, saa mbili za kitanda, na jipu moja mtakalolitibu bure. Mwambieni mteja analipia nini: kupimwa tansio, kuguswa, kuelezwa, na fishi ya kurudi. Anzeni kwa kuondoa njano peke yake. B-complex ifuate baada ya mwezi. Bandikeni ukutani sindano zenu ni za nini: artesunate kwa palu kali, serumu ya Ringer kwa kolera iliyomkausha mtu, oksitosini ya kuzuia kutoka damu baada ya kuzaa. Wagonjwa wakiona sindano bado ipo, na ipo kwa wanaoihitaji, heshima yake inabaki na yenu pia.

Wengine watakwenda kwa jirani hata hivyo, usijilaumu. Yule anayesimama mlangoni akiwa ameshaamua, mwambie jambo moja tu: huko aendako, adai sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yake, na ampule aisome jina kabla haijavunjwa.